Mbwa na Paka Boma Moja: Anza kwa Kumpa Paka Pa Kupandia

Mitaani kwetu ukiuliza namna ya kuwazoesha mbwa na paka, utaambiwa uwafungie chumba kimoja, wapigane, wakichoka watazoeana. Tafadhali usifanye hivyo. Paka aliyebanwa pembeni hutumia kucha, na kucha zake hulenga uso. Mbwa anaweza kutoka humo bila jicho. Au mbwa atamdaka shingoni na kumtikisa mara moja tu, na hapo habari ya kuzoeana imekwisha. Nimeitwa na majirani baada ya mambo ya namna hii, na inaniuma kila nikikumbuka, maana wanyama wale hawakuwa na kosa lolote.

Kwetu Kiamunyi, hapa Nakuru, mbwa alitangulia. Simba tulimleta kwa ajili ya ulinzi kama wafanyavyo wengi wenye ploti mtaa huu. Paka alifuata kwa sababu ya panya, kwani mahindi yakishaingia stoo hakuna kulala, ni vishindo darini usiku kucha. Leo wanapishana uani bila vita, na wageni huniuliza nilimpa mbwa dawa gani. Sikumpa chochote. Nguvu zangu nyingi nilizielekeza kwa paka, nikahakikisha hakuna mahali pa boma hili ambapo anaweza kubanwa.

Kwa mbwa wengi, kinachoamsha fujo ni mwendo. Kitu kidogo chenye manyoya kikitimka mbele yake, mbwa hukifukuza kabla hajajua ni nini. Ndivyo mababu zake walivyopata riziki. Paka huyohuyo akisimama imara, mbwa mara nyingi husita, akabweka, akarudi nyuma. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kumwondolea paka sababu ya kukimbia, na paka hakimbii akijua kwamba kwa mruko mmoja yuko juu.

Tazama nyumba yako kwa jicho hilo. Kila chumba anachoingia mbwa kiwe na pahali pa juu palipo wazi: juu ya kabati, kizingiti cha dirisha, rafu ya mbao. Ondoa masanduku na vyombo vilivyorundikwa huko. Nje, fundi alitupigilia vipande vya mbao kwenye ukuta wa nyuma ya jikoni, na kutoka hapo paka hufika kwenye mnara wa tangi la maji. Mlango wa stoo tuliutoboa tundu chini, la kutosha paka peke yake. Simba hupitisha pua tu. Haya yote hayakuwa ya gharama, yalitumia mabaki ya mbao za ujenzi.

Sasa kuna jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha, nalo ni saa. Wengi wetu humfungia mbwa kibandani mchana kutwa, tukamfungulia jua likizama ili alinde usiku. Paka naye kwa maumbile yake huchangamka zaidi alfajiri na magharibi, wakati wa kuwinda. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua huzama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Fikiria basi: mbwa aliyekaa saa kumi na mbili bila kunyoosha miguu anafunguliwa dakika ileile ambayo paka anavuka ua kwenda kuwinda, na giza linaingia. Visa vingi vya paka kuuawa na mbwa wa nyumbani kwao ambavyo nimesimuliwa vilitokea wakati huo. Mbwa huyo hajawahi kumwona paka mchana, akitembea polepole, akinywa maji, akilala. Anachojua ni kivuli kinachokimbia.

Ndiyo maana nasisitiza mbwa atolewe mchana pia, kwa kamba, akiwa na mtu. Mtembeze asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mbwa aliyetembea vizuri ana subira, na hata geti hulilinda vyema zaidi. Jioni, mwingize paka ndani na umlishe kwanza, ndipo umfungulie mbwa. Paka akizoea kwamba chakula chake hutolewa ndani saa ya magharibi, atajileta mwenyewe.

Kuhusu kuwakutanisha, anza na harufu. Paka mgeni mweke chumba chake, mlango ufungwe. Chukua kitambaa alicholalia ukiweke karibu na kibanda cha mbwa, na kipande cha gunia la mbwa ukipeleke kwa paka. Kisha walishe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, sahani zikisogezwa karibu kidogo kidogo. Paka akila bila kusimamisha manyoya na mbwa akila bila kukwaruza mlango, ndipo wanapoweza kuonana, mbwa akiwa kwenye kamba na paka akiwa huru kwenda juu. Usimbebe paka mikononi kumpelekea mbwa, utachanwa wewe. Kila mbwa anapogeuza macho kutoka kwa paka na kukutazama wewe, mpe kipande cha nyama. Inachukua siku kadhaa kwa wengine, miezi kwa wengine, na hakuna haja ya kuharakisha.

Umri una uzito wake. Mtoto wa mbwa huzoea viumbe wengine kwa wepesi kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ya maisha yake. Wa paka ni mapema zaidi, kati ya wiki ya 2 na ya 7. Kama unaweza kuchagua, mlete mtoto wa mbwa kwa paka mzima. Paka atamchapa kofi moja puani na heshima itaingia mapema. Kinyume chake, mtoto wa paka mbele ya mbwa mzima asiyemjua ni hatari hata kama mbwa anataka kucheza tu.

Jifunze pia kusoma mikia, kwa kuwa wao wenyewe hawaelewani mwanzoni. Mbwa anayetikisa mkia akiwa amelegea mara nyingi ana furaha. Paka anayepigapiga mkia huku na huku amekasirika. Mbwa huona mkia ule akadhani anakaribishwa, akasogea, akapata kucha. Paka anayekuja akiwa amesimamisha mkia wima ndiye anayesalimia. Kwa upande wa mbwa, chunga yule anayenyamaza, akakaza mwili na kumkodolea paka macho bila kupepesa. Huyo mwite au umwondoe mara moja. Anayebweka na kurukaruka ana afadhali.

Chakula kitenganishwe. Sahani ya paka iwe juu ya meza au dirishani. Dada yangu aliye Kisumu huwapikia wote sufuria moja ya ugali na omena, kisha paka wake huongezewa omena tupu, na hapo yuko sawa, kwa sababu paka ni mla nyama halisi. Mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana katika nyama na samaki. Akikikosa kwa muda mrefu, moyo hudhoofika na macho hupofuka. Mbwa huweza kujitengenezea taurini mwilini, ndiyo maana chakula cha mbwa cha gunia hakitoshi kumlisha paka kila siku. Mbwa naye akiiba cha paka hunenepa na kuharisha. Na sanduku la mchanga au majivu la paka liwekwe pasipofikika, maana mbwa hula kinyesi cha paka, utake usitake.

Jambo la dawa nalisema kwa uzito wote. Wengi wetu tunaofuga ng'ombe wa maziwa huku Bonde la Ufa humwogesha mbwa kwa dawa ileile ya kupe ya ng'ombe. Dawa nyingi za aina hiyo, zikiwemo zenye amitrazi na permethrini, ni sumu kwa paka, na ini lake halina uwezo wa kuivunja permethrini kama la mbwa. Si lazima umpake yeye. Akilala ubavuni mwa mbwa aliyelowa au akamlamba, inatosha. Ukimwona anatetemeka na kutokwa mate, mwoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo. Ukienda agroveti kununua dawa ya viroboto, taja kwamba nyumbani kuna paka, na ununue ya kila mmoja, maana kiroboto wa paka huishi kwa mbwa pia na ukimtibu mmoja tu umefanya kazi bure. Tembe za paracetamoli usimpe paka kamwe, hata kipande.

Kuna mbwa ambao hawatafaa. Aliyekwisha kuua paka, au aliyezoezwa kuwinda sungura na digidigi, sikushauri umjaribu kwa paka wako. Paka wa mtu si chombo cha majaribio. Kama huwezi kuwatenga, tafuta mitego ya panya na umwache mbwa wako aishi.

Mwisho ni chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo watu hukumbuka kumpa mbwa wakamsahau paka. Paka hupata ugonjwa huu, na anapochanwa au kung'atwa na mbwa mgonjwa nje ya boma huurudisha ndani kwa watoto. Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na Kisumu na Siaya ni kati ya kaunti zilizotangulizwa. Wanyama wote wawili wachanjwe wakifika miezi 3, kisha kila mwaka. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende hospitali siku hiyohiyo. Siku ya chanjo, paka abebwe ndani ya kikapu chenye mfuniko, kimefunikwa leso ili asiwaone mbwa wa watu kwenye foleni, na mtu mwingine amshike mbwa wenu kwa kamba.