Tangawizi kwa chango, lakini damu nyingi ni jambo jingine

Pole sana mdogo wangu. Umesema hedhi inakutoka damu nyingi na unapata kizunguzungu, ukauliza kama tangawizi na mdalasini vitakutuliza chango, yaani maumivu ya tumbo ya hedhi, na kupunguza damu. Kwa maumivu, tangawizi inasaidia kweli. Tafiti zimeipima: unga wake, gramu 1 hadi 2 kwa siku, ukigawa mara mbili au tatu, kwa siku 3 au 4 za mwanzo. Anza mara tumbo linapoanza kunyonga, usingoje lizidi. Chupa ya maji moto kitovuni nayo usiidharau. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza.

Damu nyingi ndiyo inayonitia wasiwasi. Pedi ikijaa kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, mabonge makubwa yakitoka, au hedhi ikipita siku 7, usiendelee kujaribu mizizi ya sokoni. Huenda ni uvimbe wa kizazi, na huo unaonekana kwa ultrasaundi. Omba pia wakupime wingi wa damu. Kizunguzungu ulichokitaja kinaweza kuwa upungufu wa damu. Maharage, dagaa na mchicha kula, ukamulie limau, ila chai ya rangi inywe mbali na chakula, maana inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yanayotengeneza damu. Nenda wiki hii, tafadhali.