Jibu: Asali iliyotoa povu, nirudishe chupa zote?
Pole sana ndugu yangu. Umeuliza kama uondoe madukani chupa zote za asali yako kwa sababu tatu za duka la Ipuli zimetoa povu. Kama kila chupa ina namba ya bechi, yaani inayoonyesha ilijazwa kutoka ndoo gani, rudisha tu zilizotoka ndoo moja na hizo tatu. Kama hazina, ondoa zote, tena leo.

Povu hilo ni asali kuchacha. Mara nyingi maji yamezidi asilimia 20 kwa sababu masega yalivunwa kabla nyuki hawajayafunika kwa nta. Niliwahi kupoteza ndoo nne kutoka Sikonge hivyohivyo: ukifungua kifuniko, harufu ya pombe! Sasa kila ndoo naibandika karatasi, kijiji, mvunaji, tarehe, na kuipima kwa rifraktomita, kifaa cha kupima maji kwenye asali, kabla ya kujaza chupa. Ukienda TBS, Shirika la Viwango Tanzania, beba kumbukumbu kama hizo.