Run si kukimbia tu: kwa wauguzi wetu wanaojiandaa kwenda Uingereza

Wanafunzi wangu wengi wa jioni hapa Nairobi ni wauguzi. Wanatoka zamu, wanapambana na foleni ya matatu hadi katikati ya jiji, kisha tunaanza Kiingereza. Tangu Kenya na Uingereza zitie saini mkataba wa wahudumu wa afya Julai 2021, wanaokuja kwangu wakiwa na safari hiyo moyoni wameongezeka.

Istilahi ngumu za kitabibu wanazijua kunishinda. Wasiwasi wangu uko kwenye maneno madogo, yale ambayo kila mtu anaamini aliyamaliza shule ya msingi. La kwanza ni run. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la 1989, kitenzi set ndicho kilichoongoza kwa maana 430. Wahariri walipokuja kukipitia upya kitenzi run, walihesabu maana 645. Hakuna anayekudai zote hizo. Zile za wodini, lakini, utadaiwa siku ya kwanza.

Mgonjwa akikuambia "I've had the runs since Monday", anaharisha tangu Jumatatu. Hii naisisitiza kuliko zote, kwa sababu husemwa kwa aibu na kwa sauti ya chini, na huenda isirudiwe. Mzee anayeharisha hupungukiwa na maji mwilini upesi, na ikiwa ni ugonjwa wa kuambukiza, wodi nzima iko hatarini. Anayesema "I feel run down" hajagongwa na gari. Mwili umemwishia nguvu. Ukimuuliza kuhusu kisukari akajibu "it runs in the family", andika kwamba ukoo wao unao. Daktari akitaka "run some tests", mgonjwa afanyiwe vipimo. Na bibi unayemhudumia nyumbani kwake akikuomba "run me a bath", anataka umjazie maji lile beseni kubwa la kulala ndani.

Msitishike. Sisi wenyewe tunasema tumbo la kuendesha, na kuendesha huko huko ndiko tunakotumia kwa gari, biashara, mkutano na programu ya kompyuta. Tazama pia piga: tunapiga simu, pasi, deki, kura na chafya, na hakuna mtoto wa Kayole anayeuliza ni nani aliyepigwa. Sikio linasubiri neno linalofuata, ndipo linaamua. Ujuzi huo unao tangu utotoni. Kinachobaki ni kuuhamishia kwenye Kiingereza.

Kwa hiyo usiandike daftarini "run = kukimbia". Andika sentensi nzima upande mmoja, na upande wa pili uandike vile ungelisema jambo hilo nyumbani. Kwanza jiulize ni nani au ni nini kinacho-run: pua, bomba, basi, homa, mkurugenzi? Kisha tazama kijineno kinachofuata. "We've run out of gloves" ni glavu zimeisha. "Run it by the doctor" ni mwelezee daktari kwanza, usikie atasemaje. "The meeting ran over" ni mkutano umepitiliza muda, lakini "he was run over" ni mtu kagongwa na gari. Sentensi chache za namna hii kwa wiki, ukizisema kwa sauti, zitakufaa kuliko orodha ndefu uliyoikariri.

Jambo jingine: magazeti yetu hayatoshi. Akigombea kiti, mwanasiasa wa Marekani hu-run, wa Uingereza hu-stand, na wa Kenya, kwa Kiingereza chetu, hu-vie. Hata "running mate" tumempa jina letu zuri la mgombea mwenza, na hakuna anayekimbia popote. Kila nchi ina mazoea yake, basi sikiliza redio za Uingereza, hasa vipindi ambavyo watu wa kawaida hupiga simu kueleza shida zao. Filamu za Marekani zitakufundisha Kiingereza cha kwingine.

Usishangae pia wazee wa huko wakizungumzia runs mbele ya televisheni. Hiyo ni mikimbio ya kriketi. Hapo una la kuchangia: tarehe 24 Februari 2003, Kenya iliifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53 papa hapa Nairobi Gymkhana, katika Kombe la Dunia, na ikafika nusu fainali. Mzee anayependa kriketi atakusikiliza.

Tena, uliza. Wengi wetu tumelelewa katika wodi ambazo muuguzi mdogo haulizi mara mbili, na wanaipeleka tabia hiyo ng'ambo. Mimi nataka msiipeleke. Jifunzeni kusema, "Sorry, do you mean diarrhoea?" kwa utulivu, mkimtazama mgonjwa. Haishushi hadhi ya mtu, na inamlinda mgonjwa ambaye hana mwingine wa kumsemea usiku ule.

Fanyeni mazoezi wawili wawili. Mmoja awe mgonjwa, aseme kwa haraka na kwa kumung'unya kama watu wasemavyo wakiwa na maumivu. Mwenzake arudie kwa maneno mepesi alichoelewa, kisha aandike kama anavyoandika kwenye faili. Anzeni na the runs.