Wanaingia, wanaangalia, wanaondoka

Jumatatu usiku nilipokea ujumbe wa dada mmoja wa Morogoro anayeuza nguo za watoto mtandaoni. Aliandika: "Dada, naomba ushauri. Nalipia tangazo kila wiki, watu wanaingia dukani wengi tu, wanaangalia, wanaondoka. Mwezi mzima nimepata oda mbili, na moja ni ya mdogo wangu. Nifunge?"

Hiyo oda ya mdogo wake ndiyo iliyonichoma. Oda yangu ya kwanza ilikuwa ya mama yangu mzazi. Alinunua doti ya khanga ambayo tayari anayo kabatini, ili tu nisilie. Kwa hiyo nimeona nisimjibu yeye peke yake. Najua mko wengi mnaolala na simu mkononi mkisubiri ile sauti ya muamala kuingia.

Duka langu nililifungua Februari 2020. Kabla ya hapo nilikuwa nauza khanga na vitenge kwa kutembeza. Nachukua mzigo Mtaa wa Uhuru, napeleka maofisini, naandika kwenye daftari, mwisho wa mwezi nafukuzana na wadaiwa. Nilichoka. Nikakopa laki nane kwenye kikoba chetu, nikamlipa kijana anitengenezee tovuti, nikakodi na mpiga picha. Picha zilitoka nzuri jamani. Khanga zimekunjwa kwa unadhifu, zimepangwa kwenye kikapu cha ukindu, asumini pembeni. Kila niliyemwonyesha alisifia.

Watu wakaanza kuingia, 60 kwa siku, siku nyingine 80, nawaona kwenye takwimu za tovuti. Wengine wanakaa dakika kumi wanafungua khanga moja baada ya nyingine. Oda hamna. Wiki ya kwanza nilisema duka bado geni. Wiki ya tatu nikaacha kula vizuri. Kwenye kikao cha kikoba, mwenzetu mmoja akasimama mbele ya wote akasema, "Huyu biashara yake iko kwenye simu, tumdai mapema." Mkopo ule niliurejesha wote, na riba yake, na sikuchelewa hata mara moja. Lakini maneno yale bado ninayo kifuani.

Nilichofanya kwanza ndicho mnachofanya wengi wenu: nikaongeza pesa ya tangazo. Wakaja wengi zaidi, wakaondoka wengi zaidi. Nikashusha bei. Hapo nikapata oda mbili, faida yake haikutosha hata bando.

Kilichoniokoa ni fomu. Yule kijana aliipanga tovuti hivi kwamba mtu akiweka bidhaa kwenye kikapu anaandika kwanza jina na namba ya simu, ndipo anakwenda kwenye malipo. Walioishia njiani waliniachia namba zao, nami sikuwa nimeziangalia hata siku moja. Jumamosi moja nikakaa na orodha ya watu 11, nikaanza kupiga. Wawili walikata simu kabla sijamaliza salamu. Mmoja akaniuliza kwa ukali, "Namba yangu umepewa na nani?" Mkono ulikuwa unatetemeka. Wa nne alikuwa mama mmoja wa Dodoma, mtu mzima kwa sauti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, uliweka doti mbili kwenye kikapu, hukumalizia. Nilitaka kujua tu kama kuna shida."

"Shida ipo. Zile khanga zinasemaje?"

Sikumwelewa. Akarudia taratibu kama anayemfundisha mtoto. "Jina, mwanangu. Umezikunja, jina halionekani. Nataka kumpelekea mkwe wangu zawadi. Nikimpelekea inayosema Hasidi hana sababu, si nitakuwa nimeanzisha vita?"

Nilifungua tovuti yangu nikiwa bado naye kwenye simu. Picha 43, na hakuna hata moja ambayo jina linasomeka. Mimi niliyelelewa na bibi aliyekuwa anajua khanga zake zote kwa majina! Khanga ina pindo, ina mji, ina jina, na mwanamke akishika khanga dukani kitu cha kwanza ni kuikunjua asome. Kwa wengi jina ndilo linaloamua anunue au aache. Na mimi nililificha ili picha ipendeze.

Mama hakuishia hapo. "Halafu nikasema basi, ngoja ninunue moja ya kwangu mwenyewe, hata kama sijui inasemaje. Nikaanza kutuma pesa. Likaja jina la mwanaume."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Laini yangu ilifungwa kwenye ule usajili wa alama za vidole, mwisho wake ulikuwa Januari 20 mwaka huohuo, nami sikuwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Nikaweka namba ya mume wangu. Duka lina jina la kike, aliyepiga picha na khanga begani ni mimi, halafu mteja akifika pale pa kuweka namba ya siri, simu inamwambia pesa inakwenda kwa mwanaume asiyemjua. "Nikasema hawa ndio wale wa ile hela tuma kwenye namba hii," mama akaniambia. "Nikaacha."

Ndugu zangu, nani katika nchi hii mwenye simu ambaye hajawahi kupokea ujumbe ule wa matapeli? Umeenea kiasi kwamba TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imetoa namba 15040 ya kuripoti jumbe hizo. Mteja anapoingia dukani kwako mtandaoni, anaingia akiwa ameshatapeliwa, au amemwona jirani yake akitapeliwa. Alituma elfu thelathini akaletewa gauni linaloonyesha mwili mzima, au hakuletewa chochote na namba ikawa haipatikani. Wewe unadhani anajiuliza kama bidhaa yako ni nzuri. Uzuri ameshauona, ndiyo maana ameweka kwenye kikapu. Anachojiuliza ni hiki: nikishabonyeza, pesa yangu ikitoka, itakuwaje?

Hapo ndipo mauzo yanapofia, na hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Nilianza na picha. Kila khanga ikakunjuliwa yote juu ya mkeka, na jina nikaliandika pia kwa maneno chini ya picha, ili hata mwenye simu ndogo asome. Kisha nikachukua beseni jeupe, nikaloweka khanga nyekundu mpya kwa sabuni ya unga, nikaifikicha mbele ya kamera, nikaikamua, nikaonyesha maji. Yalibaki meupe. Video ya sekunde 40, nimeipiga mwenyewe uani, kuku anasikika. Hakuna picha ya yule mpiga picha wa kulipwa iliyoniletea wateja kama video ile, maana kila anayenunua khanga ana swali moja moyoni: inachuja?

Namba ya malipo ilinichukua muda zaidi. Nikafuatilia NIDA, nikasajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, nikapata TIN, namba ya mlipa kodi, nikaomba lipa namba, ile namba ya kupokelea malipo ya biashara kwa simu, kwa jina la duka. Ni mizunguko, sitawadanganya. Lakini siku hizi mteja akiweka namba ile, jina analoliona kwenye simu yake ni lilelile lililo juu ya tovuti. Tangu wiki ile, walioacha kikapu kwenye hatua ya kulipa walipungua nikiwaona kwa macho yangu.

Na nauli. Nilikuwa nimeandika "gharama ya usafiri tutawasiliana". Tutawasiliana! Mtu ameshapiga hesabu ya 18,000, unamwambia kuna pesa nyingine ambayo hutaki kuitaja. Taasisi ya Baymard ya Denmark, ambayo imekusanya tafiti za jambo hili kwa miaka mingi, inasema kwa wastani takribani vikapu 70 katika kila 100 huachwa bila kulipiwa, na miongoni mwa sababu wanazotaja wanunuzi, gharama za ziada zinazojitokeza mwishoni ndizo zinaongoza. Sasa ukurasa wangu unataja nauli ya bodaboda kwa maeneo ya Dar, Mbagala kiasi gani, Tegeta kiasi gani, na ya basi kwa kila mkoa. Ipo chini ya bei, kabla mtu hajabonyeza kitu. Wa mikoani nikishapakia mzigo nawatumia picha ya risiti ya basi na namba ya gari.

Kulipia mzigo ukifika nako kunasaidia sana, ila kuna maumivu yake. Nimewahi kumtuma bodaboda Mbagala mara tatu kwa mtu mmoja, kila akifika simu imezimwa. Nauli zote nililipa mimi. Sasa mteja wa Dar analipa nauli kwanza, mzigo analipia akiushika mkononi. Aliyetoa elfu tatu au nne ya nauli hazimi simu.

Na sasa niseme wazi, hata kama nitawaudhi baadhi yenu. Acheni kuandika "bei njoo inbox". Unamtoa mtu kwenye bidhaa aliyoipenda, unamwambia akajitambulishe kwanza ndipo aambiwe bei. Atahisi unataka kumpima kwa picha yake ya wasifu umtajie bei ya kumkomoa, na mara nyingi ni kweli, ndivyo mnavyofanya. Andika bei. Kama unaona aibu kuiandika, basi shida iko kwenye bei. Na mtu akiuliza "bado ipo?" saa tatu usiku, mjibu saa tatu usiku, kwa salamu, siyo kwa neno moja. Huyo ana pesa kwenye simu wakati huo. Asubuhi atakuwa ameshamlipa mwingine.

Mwezi uliopita nilipeleka doti 60 za sare ya harusi Tanga. Kamati ile hainijui hata kwa sura. Mwenyekiti wao aliona video ya beseni, akasoma jina, akaona nauli, akatuma malipo ya awali palepale bila kunipigia. Nilipakia marobota yale kwenye basi alfajiri huku nikimfikiria yule mwenzetu wa kikoba.

Sasa, mdogo wangu wa Morogoro, usifunge. Jana nimeingia dukani kwako nikakaa nusu saa. Nguo zako ni nzuri kuliko za wengi ninaowajua. Lakini umeandika S, M na L kwenye nguo za watoto. Mama wa mtoto wa miezi 14 ataijuaje M yako? Andika umri, andika na kilo, ilaze nguo kando ya rula upige picha. Namba yako ya malipo imeleta jina la mtu, na duka lina jina jingine kabisa. Nauli umeandika "tutawasiliana", kama nilivyoandika mimi.

Matangazo yasimamishe kwa wiki mbili. Pesa hiyo weka bando na muda wa maongezi. Fomu yako nimeiona, inaomba namba ya simu kabla ya malipo, kwa hiyo waliokuacha unao. Wapigie. Usiwauzie chochote, waulize tu kilichowakwamisha, kisha nyamaza usikilize. Watakaokukatia simu wapo, usilie. Anza kesho saa nne asubuhi, watu wakiwa wameshakunywa chai.