Maswali na majibu: maski za ardhi zenye rangi chache

Wengi mmeuliza kuhusu maski za ardhi, yaani zile picha ambazo kila rangi huiambia gemu kuwa hapa ni maji, pale ni mchanga, kule ni majani. Najibu kwa kutumia GIMP, programu ya kuchora na kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure na kila mtu anaweza kuipakua.

Shikamoo fundi. Natengeneza gemu ya magari, eneo lake ni Kigamboni. Maski yangu ina rangi nne: buluu bahari, njano mchanga, kijani majani, kijivu lami. Kwenye gemu naona uzi wa lami umefuata ufukwe wote, na mimi sikuuchora. (Msomaji wa Sinza)

Marahaba. Uzi huo umechorwa na brashi. Kuza picha hadi asilimia 800 pale bahari inapokutana na mchanga, utaona pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) ambazo si buluu wala njano. Brashi hulainisha kingo kwa kuchanganya rangi jirani, na kwenye skrini buluu na njano zikichanganywa nusu kwa nusu hutoa kijivu. Macho yako yanaona ukingo laini, lakini gemu inasoma kijivu na kumwaga lami. Kwenye maski rangi ni namba ya siri, kwa hiyo haitakiwi kuwa na "karibu sawa".

Tumia penseli (bonyeza N), usiguse brashi kabisa. Kwenye zana za kuchagua eneo na ile ya kumwaga rangi, ondoa tiki penye Antialiasing na Feather edges, maana nazo hulainisha kingo. Kwa picha uliyonayo, tengeneza paleti (orodha ya rangi zinazoruhusiwa) ya buluu, njano na kijani tu, kisha nenda Image, Mode, Indexed, uchague paleti hiyo. Kijivu ukikiacha ndani ya paleti, ule uzi utabaki pale pale. Barabara zenyewe zitageuka rangi nyingine, na uzi nao huenda ukageuka kijani, kwa hiyo rudisha picha kwenye RGB (hali ya rangi zote), uzichore barabara upya na usahihishe ufukwe kwa penseli. Ni kazi ya jioni moja, lakini ifanye.

Nimechukua picha ya setilaiti ya bonde la Msimbazi nikaipunguza iwe rangi 8. Imejaa vidoa kama imenyunyiziwa pilipili manga. (Msomaji wa Mbagala)

Vidoa hivyo ni dithering: programu inapanga nukta za rangi mbili ili jicho lidhani kuna rangi ya tatu. Kwenye dirisha la Indexed, Color dithering iweke None.

Hata vidoa vikiisha, ndugu yangu, njia yenyewe siipendi. Setilaiti haitofautishi vitu kama unavyotofautisha wewe. Bati lenye kutu la Manzese lina rangi ya udongo, bati jipya linang'aa kama mchanga mkavu, kivuli cha wingu kinafanana na maji. Kompyuta itakuletea mabwawa juu ya nyumba za watu. Weka picha ya setilaiti kama leya (tabaka) ya chini, ongeza leya tupu juu yake, halafu fuatisha kwa mkono. Kwa mito na barabara tumia OpenStreetMap, ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea: jiji letu la Dar es Salaam lina data nzuri mno, kwa sehemu kubwa kutokana na wanafunzi na wakazi walioingia mitaani kuchora ramani na mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015 ili kukabili mafuriko. Leseni inataka uwataje wachangiaji wa OpenStreetMap kwenye gemu yako. Wataje, wamestahili.

Nikipunguza maski kutoka pikseli 2048 hadi 1024 rangi zinaongezeka. (Msomaji wa Tabata)

Programu inachanganya rangi za pikseli jirani. Kwenye Scale Image, Interpolation iweke None. Basi.

Mwenzangu yuko Tegeta, nikimtumia maski kwa WhatsApp anasema ina rangi mamia. (Msomaji wa Ukonga)

Ukiituma kama picha, WhatsApp inaibana kwa JPEG, aina ya faili inayopunguza ukubwa wa picha, na JPEG hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kukadiria rangi ndani ya kila kipande. Picha ya harusi haidhuriki sana, maski inakufa. Na ikishaharibika hivyo, kuibadilisha jina iwe PNG hakusaidii. Hifadhi kama PNG, aina ya faili isiyobadilisha rangi, tangu mwanzo, tuma kwa njia ya Document. Akiipokea, afungue Colors, Info, Colorcube Analysis: ataona idadi ya rangi. Kama mlikubaliana nne na anaona tano, asiiweke kwenye gemu kabla hamjaitafuta hiyo ya tano.