Kinywa kukauka usiku: mwangalie kwanza mama anameza dawa gani

Mleta uzi, shikamoo yangu imfikie mama huko Nachingwea. Umeuliza kwa nini kinywa kinamkauka usiku mpaka anaamka kutafuta maji, na meno yameanza kumeguka karibu na fizi ilhali mswaki hakosi. Waliotangulia wamesema anywe maji mengi. Sawa, ila maji hayafanyi kazi ya mate.

Nipo Mtwara mjini, nina kisukari. Miguu ilipoanza kuwaka moto nikaandikiwa amitriptilini, kidonge cha usiku. Miguu ikatulia, kinywa kikakauka. Ugali wa muhogo bila mchuzi wa kutosha haupiti, na ming'oko ndiyo usiseme, unaizungusha tu mdomoni. Asubuhi ulimi umegandia kwenye kaakaa.

Daktari wa meno aliweka kile kioo chao kidogo ndani ya shavu, akakivuta, kikang'ang'ania nyama. Kwenye kinywa chenye mate ya kutosha kinateleza. Akanionyesha mashimo: yote shingoni mwa jino, pale linapokutana na fizi. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mate husuuza mabaki ya chakula, huzimua asidi ya bakteria wanaokula sukari, na hulirudishia jino madini. Usingizini yanapungua kwa kila mtu, sasa fikiria ambaye hata mchana hana. Tena mzizi ulioachwa wazi na fizi huoza upesi kuliko sehemu ya juu, maana hauna lile gamba gumu.

Kwa hiyo chukua mfuko wa dawa wa mama, umwage mezani, usome. Dawa za presha zile za kukojoza, za mafua na aleji kama Piriton, za sonona, za kibofu: nyingi hukausha kinywa, na wazee wetu humeza tatu nne kwa pamoja. Usimkatishe hata moja! Peleka orodha kwa daktari wake. Mimi nilipunguziwa dozi tu. Sukari apime, nayo hukausha kinywa. Na kama macho pia ni makavu, yanamkwaruza, mtaje hilo, kwa sababu upo ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia tezi za mate na za machozi.

Nyumbani apige mswaki kwa dawa yenye floridi asubuhi na kabla ya kulala, ateme bila kusukutua. Maji anywe kidogo kidogo. Bazoka isiyo na sukari huamsha mate (mama yangu mdogo aligoma, eti mtu mzima hatafuni hadharani, basi atafune chumbani). Pipi za kunyonya mchana kutwa, soda na chai ya sukari kila saa ndizo zinazomaliza meno kabisa. Uraka nao apunguze, pombe inakausha.

Akiona utando mweupe mdomoni au pembe za midomo zimechanika, huenda ni fangasi, ina dawa yake hospitali. Kama ana meno ya bandia ayavue usiku.

Tuandikie hapa majina ya dawa zake. Ukipiga picha makasha, funika jina la mama.