Jibu: Mongkhon huvuliwa, prajiad hubaki

Mkuu, umeuliza kwa nini bondia wa muay thai (ndondi za Kitailandi) huvua pete ya kichwani kabla ya pambano lakini kitambaa cha mkononi hubaki. Ya kichwani ni mongkhon. Kwa desturi ni ya mwalimu, naye ndiye humvua mwanafunzi pete hiyo akishamaliza wai khru, yaani salamu ya heshima kwa mwalimu (hupiga magoti na kuinama mara 3), na ram muay, dansi ya ulingoni kabla ya pambano. Usiiweke sakafuni kamwe. Ni utovu wa adabu mkubwa. Prajiad, kitambaa cha mkononi, hufungwa juu ya kiwiko na hukaa hadi mwisho. Ukiikaza mno mkono hufa ganzi, ikilegea huteleza hadi kiwikoni. Kard chuek ni habari nyingine kabisa: kamba za pamba zilizozungushiwa ngumi kabla ya glavu kuingia miaka ya 1920.